Kioo cha tanuri Lamu: kusoma ufa, ukungu na mapovu kabla ya kutupa kipande

Kipande kikitoka tanurini kimevunjika, usikifagie. Kipige picha kilivyolala kwenye rafu, halafu kikague ukingo wa ufa kwa jicho, si kwa kidole. Ukingo huo unasema kioo kilivunjika lini: kikipanda joto, kikishuka, au kikiwa kimeshapoa mezani. Wanafunzi wengi hukimbilia kupunguza kasi ya kila kitu, kumbe kosa lilikuwa kuchanganya vioo visivyopatana, na hilo hakuna kasi inayolitibu.

Maelezo haya ni ya kuunganisha vioo kwa moto, kwa tanuri dogo la umeme na kioo cha dirisha cha milimita 3 au 4, kwa kuwa ndicho kinachopatikana kwa fundi yeyote wa madirisha, kiwe kimevushwa kutoka Mokowe kwa boti au kimeletwa mlangoni kwa punda. Vioo vya rangi vilivyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii, kama vile Bullseye vya Portland, Marekani, vina ratiba yao: huungana kabisa karibu na nyuzi 805 hadi 815 na hutulizwa, yaani hushikiliwa ili msongo wa ndani ulegee, kwenye 482. Nyuzi zote hapa ni za Selsiasi.

Ratiba ya kuanzia kwa tabaka mbili za milimita 3 za kioo cha dirisha ni hii. Panda nyuzi 150 kwa saa hadi 650, shikilia dakika 45. Panda nyuzi 250 kwa saa hadi 830, shikilia dakika 10. Acha lishuke lenyewe, mfuniko umefungwa, hadi 550, shikilia saa 1. Shuka nyuzi 60 kwa saa hadi 400, zima, na usifungue mpaka lifike chini ya 60. Kwa tabaka mbili za milimita 4, shikilia pale 550 kwa dakika 90 na ushuke nyuzi 50 kwa saa. Kila tanuri lina tabia yake, kwa hiyo 830 ya kwako huenda ikawa 815 ya jirani. Andika daftarini kila uchomaji, na ubadilishe jambo moja tu kwa kila jaribio. Ukibadilisha mawili, kipande kikitoka kizuri hutajua kilichokiponya.

Ufa wenye kingo za mviringo

Kingo za ufa zikiwa laini, kama zimelambwa, kioo kilipasuka wakati wa kupanda, kisha moto ukaendelea na kuzilainisha. Pengine vipande vimeachana kwa upana wa kidole, pengine vimeungana tena na kuacha mstari hafifu. Hapo kasi ya mwanzo ndiyo ya kulaumiwa. Kioo hakistahimili mshtuko wa joto hadi kipite takriban 540. Kikishapita hapo huanza kulegea, na hatari hiyo huisha.

Uchomaji wa kwanza husamehe, maana tabaka bado ni nyembamba na kila moja hupata joto peke yake. Wa pili hausamehi. Sahani iliyokwisha kuungana ni bamba moja nene: ukiirudisha tanurini kuilaza kwenye kalibu, yaani ilegee na kufuata umbo lake, panda nyuzi 100 kwa saa au chini ya hapo hadi 540. Ikiwa juu yake kuna vipande vilivyosimama, punguza zaidi. Mahali palipofunikwa na kipande cha juu hupata joto kwa kuchelewa, kama ardhi iliyo chini ya kivuli, huku pembeni pakiwa pameshatanuka.

Sababu nyingine ni koili, zile nyaya zinazotoa joto, kuwa karibu mno na kioo. Tanuri lenye koili za pembeni huchoma kingo kabla ya kitovu. Weka kioo walau sentimita 5 kutoka ukutani.

Ufa wenye kingo kali

Kingo kali kama wembe zina maana kioo kilivunjika wakati wa kushuka au baada ya kufunguliwa. Hapa tazama njia ambayo ufa umepita.

Ufa unaokata katikati ya kipande bila kujali rangi, ukipinda mwishoni kama ndoana au herufi S, ni wa kutotulizwa vya kutosha. Kutuliza ni kukishikilia kioo kwenye joto ambalo msongo wa ndani hulegea, kisha kukishusha polepole ili nje na ndani vipoe pamoja. Kipande kikiwa na unene usio sawa, kwa mfano tabaka mbili pembeni na nne katikati, hesabu ratiba kwa sehemu iliyo nene kuliko zote, halafu ongeza. Na unene hauhesabiwi kwa kuzidisha tu. Ukitoka milimita 12 kwenda 25, muda wa kushikilia huwa mara mbili, lakini kasi ya kushuka huwa kama robo ya ile ya awali. Ndiyo sababu bamba nene huweza kukaa tanurini zaidi ya siku nzima, na mwenye haraka hulipoteza.

Ufa ulionyooka kutoka ukingoni kuingia ndani, mara nyingine kwa mlio unaosikika, ni wa kufungua mapema. Katika miezi ya kaskazi upepo unaingia dirishani moja kwa moja, na mfuniko ulioinuliwa kidogo "kuchungulia" kwenye nyuzi 200 unatosha kuharibu kazi ya siku mbili. Hata kwenye 60, funga dirisha kwanza.

Ufa unaofuata mpaka wa rangi, ukizunguka kipande kimoja kama pwani inavyozunguka kisiwa, ni wa vioo visivyopatana. Hapa ndipo penye matatizo mengi zaidi kuliko pengine popote, hivyo inafaa kukaa kidogo.

Kila kioo hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, ila si kwa kiasi sawa. Viwanda huandika namba ya utanukaji: Bullseye ni 90, vingine vya kazi hii ni 96, na kioo cha dirisha huwa kati ya 83 na 87 hivi. Tofauti ya 90 na 96 kwenye sahani ya sentimita 30, kutoka joto la kutulizwa hadi joto la chumba, haifiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Lakini vioo viwili vikishaungana hakuna anayeweza kumpisha mwenzake, na kiasi hicho kidogo kinatosha kupasua. Kupasuka kwenyewe kunaweza kuchelewa wiki, sahani ikiwa tayari kwa mteja.

Kwa hiyo vigae vya kioo vilivyosuguliwa na bahari, vile vinavyookotwa ufukweni, visichanganywe. Ni vipande vya chupa za viwanda tofauti na miaka tofauti. Hata kijani na kijani si ndugu. Chupa moja ikatwe na iungwe na vipande vyake yenyewe, basi. Chupa na kioo cha dirisha, ijapokuwa vyote ni vya mchanga, soda na chokaa, usiviunganishe bila kuvipima.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Kata ukanda wa kioo cha msingi, upana wa sentimita 5. Panga juu yake vipande vya sentimita 1 vya kila kioo unachotaka kukijaribu, na kimoja kiwe cha kioo kilekile cha msingi. Unganisha na utulize kwa ratiba kamili. Kisha fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta ya mpakato, vaa miwani ya jua yenye lenzi za polaraizi, laza kichwa upande mmoja mpaka skrini iwe nyeusi, na ushike ukanda kati yako na skrini. Kipande chenye duara la mwanga pembezoni kina msongo na hakifai. Kipande cha kioo cha msingi nacho kikiwaka, basi usihukumu vioo bado: ukanda wote haukutulizwa vizuri, rudia. Kipimo hiki kina thamani kuliko namba yoyote iliyoandikwa kwenye lebo.

Kimepasuka siku kumi baadaye

Kama rangi zimepimwa na kutuliza kulikuwa sawa, uliza ndani mliwekwa nini. Makombe na simbi huvutia sana, na kila anayejifunza pwani hutaka kuyafungia kati ya vioo viwili. Ganda la kombe ni kalisiamu kaboneti, na moto wa kuunganisha kioo huanza kuligeuza kuwa chokaa hai, kwa kanuni ileile ya tanuu zilizochoma matumbawe kwa ajili ya kuta za mji huu. Likichomeka hutoa gesi, na hiyo huinua povu. Likishapoa hunyonya unyevu wa hewa, huvimba na kukisukuma kioo. Mchanga mweupe wa matumbawe una tabia hiyohiyo.

Shaba nyekundu nyembamba inafaa: haiyeyuki mpaka nyuzi 1,085, na ndani ya kioo hutoa wekundu wa damu ya mzee, pengine samawati. Alumini huyeyuka kwenye 660. Shaba njano usiitie kabisa, zinki yake hutoa moshi wa sumu.

Ukungu juu ya kioo

Uso unatoka mweupe, mkavu, kama umepumuliwa na ukakataa kukauka. Ukikwaruza hautoki. Hizo ni fuwele zilizoota juu ya kioo, na kioo cha dirisha ni mwepesi wa kuzishika kuliko vioo vya kazi maalumu. Huota kati ya nyuzi 700 na 800 na kitu, hasa pakiwa na uchafu wa kuanzia na muda wa kutosha.

Anza na uchafu. Mabamba ya kioo yaliyokaa yameshikana ghalani kwenye unyevu, bila karatasi katikati, hupata madoa yake yenyewe: unyevu hutoa alikali kutoka kwenye uso wa kioo. Shika bamba dhidi ya mwanga. Kama lina mawingu yasiyotoka kwa sabuni, lifanye la majaribio. Maji ya visima vingi vya mji yana chumvi, na yakikaukia juu ya kioo chumvi hubaki. Hata maji matamu yanayotoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela yana madini. Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza kwa maji ya mvua au yaliyotoneshwa, kisha futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kabla maji hayajakauka yenyewe. Spiriti nyingine za duka la dawa zina mafuta ndani na huacha utando. Mafuta ya kikatio, wino wa kalamu, gundi ya lebo, alama za vidole: vyote huonekana baada ya moto hata kama havikuonekana kabla.

Halafu muda, na hapa stima inaingia. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti. Tanuri la wati 2,400 kwenye volti 240, volti zikishuka hadi 210, linabaki na wati kama 1,840, yaani limepungukiwa karibu robo. Kontrola, kifaa kinachoongoza joto la tanuri, halivunji ratiba, linangoja tu. Safari ya kutoka 650 hadi 830 iliyopaswa kuchukua dakika 43 inachukua saa mbili, na kioo kinakaa muda wote huo kwenye joto linalootesha ukungu. Fundi anasema tanuri halina tatizo kwa kuwa limefika 830, na ni kweli limefika, ila limechelewa. Angalia saa lilipofika. Dawa ni kupanga kilele kiangukie usiku mkubwa, watu wakiwa wamezima pasi na majiko: ukiwasha saa kumi na mbili jioni kwa ratiba ya hapo juu, kilele huja karibu na saa sita usiku.

Kinga ya ziada ni boraksi: kijiko kimoja cha chai katika mililita 250 za maji moto yaliyotoneshwa, tone moja la sabuni ya vyombo ili yasikusanyike matone, nyunyizia utando mwembamba sana juu ya tabaka la juu na uache ukauke kabisa. Ukiweka nyingi utaona michirizi. Kipande kilichokwisha kushika ukungu kinaweza kusuguliwa kwa msasa wa maji mpaka uso uwe sawasawa, kikaoshwa, kikapakwa boraksi na kurudishwa hadi kilele. Kila mara unaporudia, uwezekano wa ukungu huongezeka, kwa hiyo jaribu mara moja tu. Ukungu ukikataa kutoka, uache uso uwe wa msasa. Kwa taa ya ukutani uso huo hupendeza kuliko wa kung'aa.

Usichanganye ukungu na utando wa bati. Kioo cha dirisha cha siku hizi huelea juu ya bati lililoyeyuka kinapotengenezwa, njia ambayo Pilkington wa Uingereza waliitangaza mwaka 1959, na upande ulioligusa bati hubaki na chembe zake. Upande huo ukivutwa au kukunjwa na moto, kama kwenye kona ya bakuli, hutoa weupe wa mikunjo midogomidogo. Taa ya urujuanimno ya nanomita 254 huonyesha upande wa bati ukiwaka kama maziwa. Taa ya dukani ya kukagua noti haifai, maana kwa kawaida ni ya 365. Ukishaujua upande, weka alama, na upange mabamba yote mwelekeo mmoja.

Mapovu

Povu moja kubwa, lililoinua kioo kizima au kupasuka na kuacha shimo, limetoka chini. Hewa au mvuke ulinaswa kati ya kioo na rafu. Kwenye msimu wa masika rafu iliyopakwa jana dawa ya kuzuia kioo kisishike na "kukauka" mezani bado ina maji. Ichome peke yake hadi 260 kwa nusu saa kabla ya kuweka kioo. Angalia pia kama rafu imebonyea: simamisha rula juu yake na utazame mwanga chini. Kioo cha tabaka moja la milimita 3 hunasa hewa kuliko tabaka mbili, kwa kuwa ni chepesi na huinuka haraka.

Mapovu mengi madogo kati ya tabaka ni hewa iliyofungiwa. Ndiyo kazi ya zile dakika 45 kwenye 650: kioo cha juu hulala taratibu na kuisukuma hewa nje kabla kingo hazijafunga. Kama hazikutosha, zifanye 60. Tia vichenga vya kioo kilekile, vidogo kama punje ya mchele, kwenye pembe nne za tabaka la chini, ili kingo ziwe za mwisho kukutana. Mchoro wenye vipande vidogo katikati ujazwe chenga za kioo pande zote, maana kila bonde ni mfuko wa hewa.

Umbo limebadilika, kingo zina miiba

Kioo kilichoyeyuka kabisa hupenda kuwa na unene wa karibu milimita 6. Chini ya hapo hujivuta ndani, na mraba wa milimita 3 hutoka una kiuno kila upande. Zaidi ya hapo hutawanyika, na utahitaji fremu ya matofali laini iliyowekwa karatasi ya faiba, ile inayostahimili moto wa tanuri. Vimiiba vikali ukingoni hutokea kioo chembamba kikijivuta huku kimeshika rafu. Punguza kilele kwa nyuzi 10, ongeza unene, na vimiiba vilivyopo visugue kwa jiwe la almasi likiwa na maji. Usimpe mtu herini kabla ya hapo.

Kioo kimeshika rafu

Dawa ya rafu ni unga wa kaolini na alumina: kipimo kimoja cha unga kwa vitano vya maji, brashi laini, mikono minne au mitano, kila mkono ukibadilisha mwelekeo. Koroga kila mara, unga huzama. Kwa kilele cha 830 usitumie upako uleule mara ya pili. Kaolini ikishachomwa hivyo hubadilika, na mara inayofuata hung'ang'ania kioo. Ikwangue yote, ukiwa na barakoa ya vumbi, rafu ikiwa imeloweshwa kidogo, kisha upake upya. Mabaki meupe chini ya sahani hulegea yakilowekwa kwenye siki usiku kucha. Ukikuta chini ya kipande pamemeguka kwa umbo la mwezi mchanga, kioo kilishika wakati kinasinyaa: upako ulikuwa na kipara mahali hapo.

Kulaza kwenye kalibu

Kioo cha dirisha hulala kati ya 690 na 720. Kikiteleza upande mmoja, weka pima maji kwenye rafu, kwenye kalibu, halafu kwenye kioo chenyewe. Kitako kikiinuka kama kofia, tundu la hewa la kalibu limeziba kwa dawa, au kalibu imekaa bapa juu ya rafu na hewa haina pa kutokea. Iinue kwa vipande vya karatasi ya faiba.

Kipande kimevunjika kwenye kalibu na hujui ni wakati gani? Vikutanishe. Vipande vikikaana sawasawa, kilivunjika wakati wa kushuka. Visipokaana, kila kimoja kimejikunja kivyake, basi kilivunjika wakati wa kupanda.

Kalibu ya udongo ni ya kulaza kioo ndani yake. Ukikilaza juu ya mgongo wake, kioo husinyaa zaidi ya udongo, huukumbatia na kupasuka. Kwa kazi ya kufunika mgongo tumia chuma cha pua, ambacho husinyaa kuliko kioo na kujiachia chenyewe.

Tanuri lenyewe

Upande mmoja umeyeyuka, mwingine haujafika: panga vipande vitano vya sentimita 3, vya tabaka mbili, kwenye pembe nne na kitovu, uchome hadi 760 na ulinganishe kingo. Utapata ramani ya joto la tanuri lako, na kuanzia hapo kazi kubwa itawekwa panapofaa.

Halipandi tena, au linapanda kwa shida hata usiku: chomoa plagi, pima koili kwa multimita. Tanuri la wati 2,400 lenye volti 240 linapaswa kusoma karibu omu 24. Kama halisomi kitu, koili imekatika au skrubu ya kiungio imeliwa na kutu. Hewa ya bahari huanzia hapo. Kila baada ya miezi michache, plagi ikiwa nje, safisha na ukaze viungio, na tanuri lisilotumika lifunikwe. Waya wa kurefusha uliozungushwa kama kamba ya nanga hupata moto. Tanuri lichomekwe ukutani moja kwa moja.

Kontrola linaonyesha joto likipungua huku tanuri linawaka: nyaya za themokapo, kipima joto cha tanuri, zimegeuzwa. Kwa aina ya K, waya hasi ni mwekundu kwenye rangi za Kimarekani na mweupe kwenye za kimataifa. Joto likipita kiwango na kuendelea kupanda, rilei, swichi inayowasha na kuzima koili, imeganda ikiwa imewasha. Zima ukutani hapohapo, na usiliache tanuri bila mtu usiku mpaka rilei ibadilishwe. Tanuri lenyewe lisikae chini ya paa la makuti wala karibu na boriti: liache nafasi ya sentimita 45 pande zote, na juu zaidi ya hapo.

Stima ikipotea katikati ya kazi

Usifungue. Hilo ndilo la kwanza, na mara nyingi linatosha. Andika joto na saa. Ikipotea wakati wa kupanda, ikirudi anza kutoka joto lililopo, kwa nyuzi 100 kwa saa hadi 540, kisha endelea. Ikipotea kwenye kilele au baada yake, na kioo kikiwa bado juu ya 550, hakuna kilichoharibika: weka kontrola kwenye hatua ya kutuliza. Ikipotea katikati ya kutuliza na tanuri likashuka chini ya 550, usiendelee kushuka ulipoishia. Rudi juu polepole, nyuzi 100 kwa saa, hadi 550, shikilia muda wote upya, ushuke kwa ratiba. Hata kama usiku umepita na kila kitu ni baridi na kipande kinaonekana kizima, kirudishe kikatulizwe. Tanuri la matofali hushuka taratibu na mara nyingi huokoa kazi. Lililojengwa kwa faiba hushuka kwa kasi, na kipande chake kitazame kwa ile miwani mbele ya skrini kabla hujakiuza. Kontrola nyingine huendelea zenyewe stima ikirudi, nyingine huzima. Lijue la kwako kwa kulijaribu tupu, kabla hujaweka kioo ndani.